Gari Lenye Daktari Mmoja

Gari lenyewe liliwahi kuwa jeupe, kabla jua na vumbi havijaamua vinginevyo. Viti vya nyuma viling'olewa ili trei za mayai zipate pa kukaa, mlango wa abiria ulishikiliwa na kamba, na taa ya oili kwenye dashibodi ilikufa miaka mingi nyuma bila mtu kuizika wala kuibadilisha. Mwenye gari alisema taa ile iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na masikio. Yeye masikio alikuwa nayo, tena si ya kawaida, na mtaa mzima ulimwita Mzee Sikio bila hata kujisumbua kutafuta jina alilopewa na wazazi wake.

Hakuwa fundi. Alistaafu udereva wa lori la idara ya maji, na spana zake zote zilienea ndani ya soksi moja. Lakini watu walimletea magari yao ayasikilize. Mzee anakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mwenye gari anaacha injini ikinguruma, mzee anafumba macho, anainamisha kichwa upande, na watu wote wanakaa kimya utadhani wako msibani. Halafu anafungua jicho moja na kusema, "Nozeli ya pili inakojoa dizeli." Au, "Dizeli yako imeingia hewa, nenda ukaitoe." Mtu anapeleka gari kwa fundi wa pale kona, fundi anafungua, anakuta ni hivyo hivyo. Mzee hakumtoza mtu chochote. Malipo yake yalikuwa ule mshangao wa watu, na kwa malipo hayo, niseme ukweli, alikuwa mlafi.

Gari lake mwenyewe alilinunua kwa bei ya kutupa, kwa mtu aliyeshukuru kuona linaondoka uani kwake. Lilikuwa dizeli la zamani, la pampu na nozeli, lisilojua kompyuta ni kitu gani. Aliliweka sawa kwa mikono yake na tangu hapo akalilea. Asubuhi, kabla ya chai, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakichovya tena, anakiangalia kwenye mwanga. Anamwaga maji yaliyotuama chini ya filta ya dizeli. Akiwasha, anasubiri hita zipashe moto injini kwanza, na ole wako umharakishe. Moshi ukitoka mweupe ana maneno, ukitoka mweusi ana maneno mengine. Boneti ile hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuifungua, hata wa fundi wa kona aliyekuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. "Gari hili lina daktari mmoja," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Mke wake aliitwa Mama Mayai, kwa sababu kuku walikuwa wake. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, mayai yalikwenda madukani na kwenye jiko la hospitali upande wa pili wa mlima, na yote hayo yalibebwa na gari. Pensheni ya mzee ilitosha kumfanya asiitwe maskini, basi. Gari likisimama, nyumba nayo imesimama. Hawakuwa na gari la pili wala njia ya kulipata, na hilo wote wawili walilijua vizuri.

Katika miaka ya kukaa kiti cha pembeni, Mama Mayai alifundishwa injini bila kuomba. "Sikia hiyo," mzee anamwambia, "hiyo ni belti." "Sikia hiyo, hiyo ni nozeli." Akajua. Ila siku moja, zamani, mbele ya wateja wa kigodani, alisema, "Mzee, hili la kwetu nalo kama lina mlio." Mzee bila kugeuka akamjibu, "Wewe sikiliza kuku wako." Watu wakacheka. Na yeye akacheka, maana angefanyaje? Lakini neno lile lilimkaa rohoni, na tangu siku hiyo hakufungua tena mdomo kuhusu injini, ya kwao wala ya watu.

Uziwi wa mzee ulianza kwa hila. Kwanza redio ilipanda sauti mpaka kuku wakalalamika. Halafu binti yao akipiga simu, mzee anasema, "Ongea na mama yako, mimi nina kazi," na kazi yenyewe haionekani. Mama Mayai aliyaona hayo akayameza. Lililomshtua lilikuwa gari la mwalimu.

Mwalimu wa shule ya jirani alileta gari lake, nalo lilikuwa linapiga kelele za belti. Si kelele za kutafuta. Belti ilikuwa inalia mpaka mbwa wa mtaani walikaa mbali. Mzee Sikio akafumba macho, akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida, halafu akasema, "Nozeli." Mwalimu akamtazama Mama Mayai. Mama Mayai akatazama chini. Mwalimu alikuwa mtu wa adabu. Alishukuru, akaondoka na gari lake likilia.

Jioni ile fundi wa kona alikuja bandani, akasimama nje ya wavu akipangusa mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mama," alisema, "mzee hasikii."

"Najua."

"Ilikuwa belti."

"Najua, baba. Hata kuku wanajua."

"Nimeibadilisha. Nimemwambia mwalimu aseme ilikuwa nozeli, kama mzee alivyosema." Fundi alikohoa. "Sasa tufanyeje?"

Mama Mayai aliweka chini ndoo ya pumba. "Usimwambie," alisema. "Hana kingine. Akijua amepoteza hili, atakaa kitandani asiamke."

Wakakubaliana. Kuanzia hapo magari yaliendelea kuja, mzee akaendelea kutoa hukumu, na fundi akaendelea kutengeneza ubovu halisi na kumsifia mzee kwa ubovu ambao haukuwepo. Wateja walielezwa kwa kunong'onezwa, na wengi wakaingia kwenye mchezo kwa moyo mweupe. Ndivyo mtaa ulivyomvika mzee kilemba cha ukoka, nao ulimvika kwa kumpenda. Mimi siwalaumu. Nasema tu kwamba kilemba kile kilikuwa kizito kuliko walivyodhani, na aliyekibeba si mzee peke yake.

Wakati huo huo lilitokea jambo lililomfurahisha Mama Mayai, na hakumwambia mtu. Zamani mara nyingi alibaki na kuku na mzee akaenda peke yake na mayai. Sasa mzee hakutaka tena kwenda peke yake. "Twende wote," anasema, "vaa viatu." Na njiani alikuwa anamtazama. Si mara moja. Kila baada ya muda, hasa wakipanda mlima wa hospitali, anatoa macho barabarani, anamtazama mkewe usoni, anarudisha macho barabarani.

"Unaangalia nini?" Mama Mayai alimuuliza siku moja, akimgeukia ili asikie.

"Kwani siruhusiwi kukuangalia?"

Basi Mama Mayai akaona haya, bibi wa watu mwenye wajukuu. Alifikiri uzee umemlainisha mume wake. Siku za mayai alianza kupaka wanja kidogo na kufunga kitambaa kizuri cha kichwa. Mwanamke wa duka la kwanza alimtania, "Mama, mayai haya unampelekea nani?" naye akacheka mpaka trei ikatikisika. Alikuwa na furaha. Isije ikasahaulika kwamba alikuwa na furaha.

Ndipo gari likaanza kugonga.

Alilisikia mwanzoni mwa mvua, wakipanda mlima wamejaza. Chini kabisa ya ngurumo ile ya kila siku kulikuwa na kitu kinagonga, ko, ko, ko, kizito, kama mtu amefungiwa chumbani na hataki kupiga kelele. Barabara ikinyooka, kinaacha. Mlima ukianza, kinarudi. Alimtazama mzee. Mzee alikuwa ameshika usukani ametulia kama maji mtungini. Halafu mzee naye akamtazama, na Mama Mayai, kwa haraka ambayo hakujua anayo, akaufuta uso wake wote ukabaki mtupu kama sahani iliyooshwa.

Siku ya pili yake alikwenda kwa fundi.

"Kinagonga gari likiwa na mzigo tu?" fundi aliuliza.

"Mzigo na mlima."

"Sauti nyepesi au nzito?"

"Nzito. Ya chini."

Fundi alikaa juu ya tairi. "Hiyo ni beringi ya konrodi, mama, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Ikikamatwa sasa, tunafungua chini, tunabadilisha, gari linaishi. Ikiachwa, konrodi itakatika itoboe injini. Hapo hutakuwa na injini, utakuwa na chuma chakavu. Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba gari lake linagonga na mimi nimesikia, yeye hajasikia?"

Fundi aliokota nati chini, akaifuta kwa kidole.

"Mwambie wewe," alisema Mama Mayai.

"Mimi? Gari silifungui, silipandi. Nitasema nimesikia wapi?"

Walikaa pale wakikuna vichwa. Mwishowe wakapata njia. Mwisho wa mwezi mzee angesafiri kwenda mkutano wa wastaafu wa idara ya maji, alale huko. Gari lingebaki nyumbani. Fundi angekuja uani alifungue, abadilishe beringi, alifunge, na daktari mmoja asingejua kwamba mgonjwa wake ametibiwa na mwingine. "Vumilia mpaka hapo," fundi alisema. "Msijaze sana. Na mlima mpande polepole."

Mama Mayai alivumilia. Alipunguza trei, akasema kuku wamegoma kutaga. Alijitia mgongo unamuuma ili mzee asikimbize. Kazi kubwa zaidi ilikuwa uso. Kila mlima kile kitu cha chini kiligonga kwa nguvu kuliko jana yake, na kila mlima mzee alimtazama, na yeye alikuwa na uso tayari. Alijifunza kulegeza paji. Alijifunza kuimba kimoyomoyo ili macho yasikimbie kwenye boneti. Akifika nyumbani taya zilimuuma kama aliyekula mua.

Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu, nguo za safari za mzee zimeshapigwa pasi, siku hospitali ilipoomba mayai mengi kuliko kawaida. Mama Mayai angesema nini? Mayai yalikuwepo, mzee mwenyewe aliyahesabu bandani. Wakajaza.

Mlimani injini iligonga mpaka mwanamume aliyekuwa anatembea pembeni na mkokoteni akasimama kugeuka. Mama Mayai alimwona akigeuka. Alisikia moyo wake ukigonga pamoja na injini. Akajua mzee atamtazama sasa hivi, na kweli, mzee akatoa macho barabarani akamtazama, safari hii kwa muda mrefu, kama mtu anayeuliza. Uso mtupu haukumtosha Mama Mayai. Akaongeza. Akatabasamu.

Mzee akarudisha macho barabarani, akapunguza gia, akakanyaga.

Mlio uliotoka hata kiziwi aliusikia. Gari liliruka mara moja mahali pake, likafa, na chini yake oili ikamwagika nyeusi barabarani, ikiteremka mlima taratibu. Mzee alivuta breki ya mkono. Alishuka, akainama, akaiangalia ile oili. Hakufungua boneti.

Fundi alifika na lori la kukokota. Alilala chini ya gari, akaingiza vidole, akatoka na kipande cha chuma kiganjani.

"Injini imenoki, mzee," alisema akimtazama usoni ili aelewe. "Imetoboa upande. Mambo haya yanatokea ghafla, bwana, hakuna wa kulaumiwa."

Mzee alichukua kile kipande, akakigeuza. "Konrodi haikatiki ghafla," alisema. "Inagonga kwanza. Inagonga siku nyingi." Akamtazama mke wake. Mama Mayai alikuwa anahamisha mayai mazima kutoka trei zilizoloa, na hakuinua kichwa.

Mchana ule walikaa uani, yeye kwenye kigoda, mkewe kwenye mkeka. Mahali pa gari palikuwa na doa la zamani la oili na kuku wawili wakilidonoa.

"Iligonga," mzee alisema.

"Iligonga."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Na wewe ulisikia."

"Ulinifundisha mwenyewe," alisema Mama Mayai.

Mzee alikubali kwa kichwa. Aliweka mikono juu ya magoti. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi sisikii, mama."

Mama Mayai alimgeukia.

"Nilijua kabla yako," mzee aliendelea. "Nilijua siku nilipowasha gari nikadhani halijawaka. Nikajiuliza, sasa nitaliendeshaje? Hili ukilikosa mlio wake mara moja limekufa. Nikasema, masikio yangu yamekwisha, lakini mke wangu anayo, na yule hajui kuficha kitu. Tangu namwoa hajui. Akinuna namwona, akiogopa namwona. Nitakwenda naye kila safari. Gari likibadilika mlio, nitaona usoni kwake. Nikawa nakutazama. Kila mlima nakutazama. Naona uso umetulia, nasema, basi, gari ni zima."

Mama Mayai alijigusa shavu. Wanja bado ulikuwepo machoni, aliupaka asubuhi kwa kioo kidogo cha bandani. Aliona aibu, aibu ya msichana, na huzuni ikaja juu yake ikamfunika. Alitaka kumuuliza kama hakumtazama hata mara moja kwa sababu nyingine. Hakuuliza. Jibu lolote ambalo angelipata asingeweza kulibeba siku ile.

"Leo ulitabasamu," mzee alisema. "Ndiyo maana nikakanyaga."

"Si ungeniuliza tu?"

"Ningekuuliza vipi? Mimi niliyekwambia usikilize kuku wako?"

Kumbe na yeye alilikumbuka neno lile. Mama Mayai alianza kulia, polepole, bila kujifuta. "Nilikuwa nakulinda," alisema, na kwa kuwa alisema akilia, akitazama chini, mzee hakusikia, na ikabidi ainue uso aseme tena. "Nilikuwa nakulinda, mzee."

"Najua," alisema mzee. "Umenilinda vizuri."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomuumiza mwenzake zaidi. Angetukana kidogo angempa nafuu. Kuku waliacha doa la oili wakaenda kwenye kivuli. Mama Mayai akadhani yameisha, kwamba lililobaki ni kufikiria mayai ya kesho yatakwendaje hospitali, na akaanza hata kusema kuna kijana wa mkokoteni, hapana, mtu mzima wa mkokoteni, angeweza kuzungumza naye. Mzee alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anafikiri, na alikuwa amefika mahali.

"Na magari ya watu?" aliuliza.

"Magari gani?"

"Wanayoniletea. Kama hili la kwangu sikulisikia, hayo ya watu nimekuwa nikisikia nini? Lakini fundi anasema napatia." Akasogeza kigoda karibu na mkeka, akainama mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Lile la mwalimu. Ilikuwa nozeli?"

Mama Mayai alijua la kufanya. Alikuwa amelifanya katika milima yote ya siku zile. Akalegeza paji, akatuliza macho, akaanza wimbo wake kimoyomoyo, akautafuta ule uso wa sahani. Haukuja. Midomo ilitetemeka upande mmoja, akaibana, ikatetemeka upande wa pili. Alimtazama mume wake akiusoma uso ule, polepole, kutoka juu mpaka chini, hakuruka kitu.

"Na lile la muuza mkaa," alisema mzee. Kisha, "Na lile la nesi." Kila gari alilotaja, alisubiri kidogo akimtazama, akatikisa kichwa, akataja lingine. Mwisho akaacha.

"Mtaa mzima?" aliuliza.

Mama Mayai alimshika mkono. Mzee aliuacha mkono wake mle ndani kwa muda, kwa heshima, halafu akautoa, akasimama, akabeba kigoda, akaingia nacho chumbani. Mama Mayai alisikia kitanda kikilia.

Haukupita muda, nje ya geti honi ikapigwa. Mtu alikuwa ameleta gari lisikilizwe, injini inanguruma, anasubiri daktari atoke. Akapiga honi tena, kwa nguvu zaidi. Mama Mayai alijifuta uso kwa kitambaa kizuri cha kichwa, akainuka kwenda kumwambia aondoke. Hakuharakisha. Nyumba ile nzima, aliyesikia honi alikuwa yeye peke yake.